Pompe ya Dakika Kumi

Wiki ya tatu tangu mashindano yaanze, Félicité aliuliza darasani swali lisilo na pointi, na kati ya wanafunzi thelathini na wanane hakuna hata mmoja aliyeinua mkono. Halikuwa swali gumu. Aliuliza tu kwa nini bomba la maji hugonga ukutani mtu anapofunga robine, yaani koki, kwa haraka. Alingoja. Mwishowe Bienfait, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akamwuliza kwa heshima zote:

"Madame, hii swali iko na pointi ngapi?"

"Haina pointi. Ni swali tu."

Kalamu zikawekwa chini. Mmoja akaangalia simu yake. Félicité akajibu swali lake mwenyewe, akachora bomba ubaoni, akaeleza jinsi maji yaliyokuwa yakikimbia yanavyogongana na mlango uliofungwa ghafla, na alipogeuka aliona kwamba aliyeandika ni Jocelyne peke yake.

Jioni ile alimwambia mume wake Alphonse kwamba amefundisha ukuta. Alphonse, ambaye ni muuguzi na hutoka kazini amechoka, alimshauri aliwekee swali pointi mbili na mambo yaishe. Félicité hakusema naye tena mpaka chakula kilipoiva.

Kumwelewa Félicité inabidi kujua maji yalimfikiaje. Alizaliwa Baraka, mji wa kando ya ziwa, lakini vita vilipokuja wazazi wake walivuka ziwa pamoja naye, na utoto wake ukapita kambini Tanzania. Kule maji yalifunguliwa kwa muda wa saa mbili tu asubuhi na muda kama huo jioni, na foleni ya ndoo ilikuwa ndefu kuliko saa hizo mbili. Félicité aligundua akiwa na miaka kumi na moja kwamba bomba huimba kabla ya kukauka. Sauti hupanda, halafu hukwaruza, halafu kimya. Alianza kuwaambia watu wa foleni lini maji yatakatika, na alipokuwa sahihi mara tano mfululizo walianza kumwamini, wakaacha kungoja bure. Hakuna aliyemsifu sana. Lakini hakuweza kukaa bila kujua kwa nini bomba linaimba, na kutafuta jibu la swali hilo ndiko kulikompeleka sekondari, kisha Bukavu, kisha kumrudisha Baraka akiwa na diploma ya hidroliki na kazi ya kufundisha katika chuo cha ufundi. Alikuwa amefundisha miaka saba. Kila mwaka alikuwa na wanafunzi watatu au wanne waliosumbuliwa na bomba kama yeye, na wengine waliosumbuliwa na mitihani tu. Hesabu hiyo ilimtosha.

Haikumtosha Wilfried. Huyu alikuwa katibu wa masomo wa chuo, mtu mwema, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kumkasirikia. Alikuwa amerudi kutoka semina ya siku nne Bukavu, akaitisha mkutano wa walimu, akawaambia kwamba nusu ya wanafunzi wa uhandisi hawaji darasani kwa sababu masomo hayana ladha. Kijana wa Baraka, alisema, anaweza kutaja msimamo wa ligi tano za Ulaya bila kukosea. Basi tumpe ligi yake.

Ligi ikaundwa. Mwaka wa pili uligawanywa timu tatu: Mutambala, Ubwari na Mitumba. Masomo yakawa michezo. Jibu sahihi lilipewa pointi, jibu la haraka lilipewa pointi mara mbili, jibu la kosa liliikatia timu nzima pointi. Kila Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye valve, yaani ule ubao wa matangazo ulio karibu na lango, majina yote thelathini na manane kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Watano wa juu waliandikwa kwa kijani. Watano wa chini kwa nyekundu.

Félicité aliuliza katika mkutano ule kama mwanafunzi anayeuliza swali zuri atapata pointi pia. Wilfried alicheka kwa upole, akasema mchezo unalipa majibu.

Na lazima isemwe: wiki mbili za kwanza zilikuwa za ajabu. Saa moja na nusu asubuhi darasa lilikuwa limejaa. Bienfait, ambaye mwaka mzima uliopita alilala nyuma na kofia usoni, alihamia benchi la mbele na ikaonekana ana akili kali kama wembe. Watu wa kupita walisimama dirishani kusikiliza kelele. Félicité alirudi nyumbani akamwambia Alphonse kwamba huenda alikosea, kwamba huenda yeye ndiye alikuwa amezoea vibaya kufundisha watu wachache. Alisema hivyo kwa moyo mmoja. Ndiyo maana hasira yake ya baadaye ilikuwa chungu. Sehemu yake ilimrudia mwenyewe.

Mambo yaliharibika kidogokidogo. Wanafunzi walianza kujibu kabla swali halijaisha, wakibahatisha. Vitabu viwili vya hidroliki vya maktaba vilipotea, vikapatikana chini ya godoro la mtu wa Ubwari, ambaye alieleza bila aibu kwamba hakuviiba, aliviweka tu mahali ambapo Mutambala hawatavifikia. Waliokuwa wakisoma pamoja tangu mwaka wa kwanza waliacha kuonyeshana madaftari. Na kila kitu ambacho hakikuwa na pointi kilikufa: maswali, mazoezi ya nyumbani, hata kufagia karakana.

Kisha ikaja habari ya Junior.

Junior alikuwa kijana wa maneno machache. Alifikiri polepole na mara nyingi alifika pazuri, ila alifika wakati wengine wameshaondoka. Mama yake aliuza mandazi nje ya lango la chuo, hatua kumi kutoka kwenye valve. Jumatatu ya nne jina la Junior lilikuwa la thelathini na nane, kwa nyekundu. Jumatatu ya tano vilevile. Timu yake ya Mutambala ikafanya kikao, ikamwomba kwa adabu asijibu tena, kwa kuwa makosa yake yanawakata wote. Akatii. Wiki tatu alikaa darasani mdomo umefungwa, na Félicité alipomwelekezea swali, wenzake walimjibia kabla hajameza mate.

Wiki ya tisa benchi lake lilikuwa tupu. Félicité alitoka nje kumwuliza mama yake.

"Alienda Lulimba," mama akasema, akigeuza mandazi kwenye mafuta. "Ku mashimo ya dhahabu. Mi nilimuliza, masomo je? Akasema kila Jumatatu batu banakuja kununua mandazi, banasoma jina yake pale juu, kisha banamuangalia mama yake. Alisema kule Lulimba habatundike majina."

Félicité akaenda moja kwa moja kwa Wilfried, akamweleza. Wilfried alihuzunika kweli. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba ligi yoyote ina wa mwisho, ni hali ya mchezo. Félicité akamjibu kwamba akishaondoka wa mwisho, Jumatatu ijayo kutakuwa na wa mwisho mwingine, naye atakwenda Lulimba pia, na kwa mwendo huo siku moja watamalizia na Bienfait peke yake darasani. Wilfried aliahidi kufikiri. Jumatatu orodha ilibandikwa kama kawaida, ikiwa na majina thelathini na saba.

Shindano kubwa la mwaka lilikuwa la pompe, yaani pampu ya maji. Félicité mwenyewe ndiye aliyependekeza kifaa, na baadaye alijilaumu kwa hilo pia. Kuna pompe isiyotumia mafuta wala umeme. Maji ya kijito yanashuka kwa nguvu ndani ya bomba la chuma, yanagonga kizibo, kizibo kinajifunga ghafla, na ule mgongano unasukuma maji kidogo kwenda juu mlimani. Kisha kizibo kinafunguka, yanagonga tena. Tak, tak, tak, usiku na mchana. Maji mengi yanamwagika, machache yanapanda, lakini yanapanda bure. Kwenye kijiji kimoja juu ya barabara ya Fizi kulikuwa na nyumba ya kujifungulia ambako wanawake walishuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo mgongoni. Félicité alitaka pompe moja iende kule.

Wilfried aliandika kanuni. Timu itakayopandisha maji juu zaidi ndani ya dakika kumi itapata kombe na pointi mia moja, na pompe yake ndiyo itakayofungwa kijijini.

Jocelyne aliinua mkono. Alikuwa binti wa wakulima wa Burundi, wakimbizi waliopewa kiwanja upande wa Lusenda. Yeye alilala Baraka kwa shangazi yake siku za masomo. Alikuwa Mitumba, timu ya mwisho, na wenzake walimjua kwa maradhi ya kuuliza.

"Na kisha dakika kumi?" akauliza. "Pompe itakuwa aje?"

Wenzake walishusha pumzi. Wilfried akasema hilo si sehemu ya shindano.

Lakini ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Pompe ya aina hii ina chupa ya hewa inayopokea ule mgongano, kama mto unaowekwa chini ya kichwa. Hewa ile huyeyuka taratibu ndani ya maji na kwenda nayo. Ikiisha, mto umekwisha, na kila pigo linapiga chuma tupu. Kuizuia isiishe, fundi hutoboa tundu dogo kama la sindano karibu na kizibo cha ndani, kile kinachopitisha maji kwenda kwenye chupa, ili pompe ivute hewa kidogo kila inapopiga. Tundu hilo linatema maji. Kwa hiyo linapunguza urefu.

Siku mbili kabla ya shindano Félicité alipita karakana akaona pompe ya Ubwari. Ilikuwa kazi nzuri, safi, nyepesi. Haikuwa na tundu. Na kona yake kubwa, kile kipande cha bomba kilichopinda pale ambapo pigo huangukia, ilikuwa ya plastiki badala ya chuma. Alimwonyesha Bienfait kwa kidole.

"Madame," Bienfait akasema, "ya dakika kumi haitaji tundu. Na chuma iko nzito, tutachelewa kuifunga."

Kwa jinsi kanuni zilivyoandikwa, alikuwa sahihi. Félicité alijua. Angeweza kumkataza. Alikuwa amechoka na kugombana, chumba kilikuwa na joto, na ndani yake alitaka pia kuona pompe ile itapanda wapi. Akatoka bila kumkataza.

Ubwari walipandisha maji mita kumi na moja. Mutambala nane. Mitumba, na tundu lao lililokuwa likitema pwii, pwii mbele ya watu waliocheka, mita saba. Kulikuwa na kipaza sauti, na fulana, na picha nyingi. Jumamosi iliyofuata Ubwari walipanda kijijini kwa pikipiki, wakafunga pompe yao kwenye kijito, maji yakafika kwenye tangi la nyumba ya kujifungulia, wanawake wakapiga vigelegele, na Wilfried akatuma picha Bukavu.

Jumatano asubuhi Félicité alimkuta mwanamke ameketi nje ya mlango wa ofisi yake. Alikuwa Mama Espérance, msimamizi wa maji kijijini, mwenye miaka sitini na zaidi, na alikuwa ameshuka kwa miguu tangu alfajiri. Alifungua kitenge juu ya meza. Ndani kulikuwa na kona ya plastiki, imepasuka mara mbili.

"Madame, pompe yenu imekufa," akasema. "Siku ya kwanza ilikuwa inapiga kama moyo. Siku ya tatu ilianza kupiga kama nyundo. Nilisema, hii itavunja. Ikavunja."

Félicité akamwomba msamaha.

"Siko natafuta samahani, mwana yangu. Tulikuwa tunazoea kushuka ku mto. Haikuwa vizuri lakini tulizoea. Sasa bamama balizoea siku tatu ya robine, na bananiuliza mimi." Akakunja kitenge chake. "Batoto benu balikuja na muziki. Nani atakuja bila muziki?"

Félicité aliwaita Ubwari. Bienfait alikuja kwa niaba ya timu. Aliishika ile kona, akaigeuzageuza, akaonekana kusikitika kidogo kama mtu anayesikia habari za jirani wa zamani. Kisha akaeleza kwamba shindano la pompe limekwisha, sasa wapo kwenye shindano la zege, na wakipanda kijijini watapoteza siku mbili na Mutambala watawapita. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayemsomea mwenzake ratiba ya meli.

Félicité alitaka kumfokea, lakini kwa kosa gani? Kijana huyu alikuwa amefanya kila alichoombwa. Aliombwa dakika kumi, akatoa dakika kumi, na mita kumi na moja juu yake. Akamwambia aende akamalizie zege lake.

Alipanda yeye mwenyewe, pamoja na Jocelyne, ambaye alijitolea kabla hajaulizwa. Walibeba kona ya chuma, funguo mbili za bomba, na msumari mwembamba wa kutobolea. Kazi ya saa tatu ikachukua siku mbili. Kona ya chuma ilikuwa na hesi za kuzungushia zisizolingana na bomba la Ubwari, na ikabidi wafungue nusu ya mtambo. Siku ya kwanza wakatoboa tundu kubwa mno na maji yakakataa kupanda. Wakaliziba na kutoboa jingine. Félicité alilaani kimoyomoyo kila mtu aliyemjia akilini: Wilfried, Bukavu, Bienfait, fundi aliyeuza lile bomba. Jocelyne hakulaani mtu. Alikaa ndani ya maji hadi magotini, sikio karibu na chupa ya hewa, akisikiliza.

Jioni ya siku ya pili pompe ikaanza kupiga vizuri. Mita saba na nusu, na nyumba ya kujifungulia ilikuwa kwenye mita saba. Jocelyne akamwita Mama Espérance na wanawake wengine wawili, akawafundisha kufungua kizibo, kutoa majani, kukifunga, na kuijua sauti ya moyo na sauti ya nyundo. Aliwarudisha kwenye jambo lile lile mara nne, na hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Jumatatu Félicité alipofika chuoni watu walikuwa wamejaa kwenye valve kama kawaida. Alisoma kutoka juu. Bienfait, wa kwanza, kwa kijani. Alishuka hadi chini. Kwa kuwa timu ya Mitumba ilicheza zege bila Jocelyne, na kwa kuwa kutokuwepo kunakata, jina la thelathini na saba, kwa nyekundu, lilikuwa la Jocelyne.

Félicité akang'oa karatasi ile mbele ya wote, pini zikaruka, akaenda nayo ofisini kwa Wilfried.

"Assistante," Wilfried akasema alipoiona, akimwita kwa cheo chake cha kazi, "ile ni karatasi ya chuo."

"Njo maana sikuipasua, nimekuletea. Soma jina ya mwisho."

Wilfried akasoma.

"Huyo njo alitengeneza pompe," Félicité akasema. "Siku mbili mu maji. Mwenye pompe yake ilikufa iko wa kwanza. Mi niko nakuuliza kama mwalimu kwa mwalimu, hii karatasi iko inapima nini?"

Wilfried akafungua droo akamwonyesha ripoti aliyoandika. Kabla ya ligi, nusu ya wanafunzi walikuwa wakifika darasani. Sasa ni tisa kwa kila kumi. Wageni wa Bukavu watakuja mwezi wa sita kuona. Angewaambia nini, kwamba amekizima kitu pekee kilichowatoa vijana kitandani?

Kilichomuudhi Félicité kuliko yote ni kwamba hesabu ile ilikuwa ya kweli. Alikuwa ameiona kwa macho yake. Walikuwa wanakuja. Walikuja kwa sababu ya jambo lisilohusiana na maji wala chuma, lakini walikuja, na yeye kwa miaka saba hakuwa ameweza kuwaleta.

Walibishana mpaka saa sita. Walipotoka walikuwa wamekubaliana mambo mawili, na kila mmoja alihisi ameibiwa. Timu zitabaki, ila majina hayatabandikwa tena, bali jumla ya kila timu tu. Na pompe itarudi kwenye ligi: kila timu itaitunza kwa wiki moja kwa zamu hadi mwisho wa mwaka, na kila siku ambayo maji yatafika kwenye tangi ni pointi. Hakutakuwa na pointi ya urefu wala ya haraka. Mwamuzi atakuwa Mama Espérance, atakayetuma ujumbe kila jioni kwa simu ya mjukuu wake.

Ujumbe wake ulikuwa wa aina mbili. "Maji iko." Au "Maji hakuna."

Wanafunzi hawakuupenda mchezo huo. Walisema hauna utamu, hauna mwisho, mwamuzi hafiki uwanjani. Baadhi walirudi kulala asubuhi, na Félicité aliwahesabu thelathini darasani, siku nyingine ishirini na nane. Wilfried naye alipita dirishani kila mara kuwahesabu.

Zamu ya Ubwari ilipofika, Mama Espérance alituma "Maji hakuna" siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza Bienfait alicheka. Siku ya pili alituma watu wawili, wakarudi wakisema wamesafisha. Siku ya tatu alipanda mwenyewe, akiwa na hasira. Mvua ilikuwa imeleta mchanga, na kila walipousafisha, pompe ilipiga vizuri saa moja kisha ikabadilika. Alikaa huko siku mbili. Jioni ya pili Félicité alipokea "Maji iko", na kesho yake Bienfait akamfuata ofisini, matope yamekauka kwenye suruali.

Aliikuta sababu, alisema. Mchanga ulikuwa unakwama chini ya kizibo na kukizuia kufunga vizuri. Lakini kuna jambo hakuelewa. Kizibo kikifunga taratibu maji hayapandi kabisa. Kikifunga kwa nguvu, yanapanda. Nguvu inatoka wapi, wakati maji ni yale yale?

Lilikuwa swali la robine. Lile lile alilolieleza ubaoni miezi mitatu nyuma, na mchoro juu yake, mbele ya kalamu zilizowekwa chini. Félicité alitamani kumrushia chaki. Akamwuliza kama ana haraka. Bienfait akasema hapana. Akaketi naye akaanza upya, tangu bomba na mlango.

Tangu siku hiyo Bienfait alipanda kijijini hata wiki ambazo hazikuwa zamu yake, na aligombana na Jocelyne kuhusu ukubwa wa tundu mpaka Mama Espérance alipowafukuza wote wawili kwa kelele. Haikuwa hivyo kwa wengi. Wengine walifanya zamu zao, wakahesabu siku, wakamaliza. Félicité alikadiria kwamba mwaka huo alikuwa na wanafunzi saba waliosumbuliwa na maji. Watatu zaidi ya kawaida. Hakujua kama ni ligi iliyowaleta au pompe iliyowabakisha, na Wilfried alipomwuliza kwa ajili ya wageni, alimjibu hivyo hivyo, naye Wilfried akaandika kitu kingine.

Mwezi wa saba, Félicité akiwa sokoni akichagua ndagala, dagaa wa ziwani, simu yake ililia kwa namba asiyoijua. Alikuwa Junior, kutoka Lulimba. Alisalimia kwa kirefu, akauliza habari za nyumbani, kisha akaeleza shida yake. Shimo lao la dhahabu lilikuwa limejaa maji. Bosi alikodi motopompe, wakaiweka juu ya shimo, wakashusha mpira wa kuvutia maji chini. Kwa mita sita ilivuta. Walipochimba hadi mita tisa ikakataa, ingawa mashine ilikuwa inanguruma vizuri na mpira haukutoboka. Watu walisema ni mizimu.

"Mi nilibaambia si mizimu," Junior akasema. "Lakini sijue ni nini."

Félicité akaweka kikapu chini. Akamweleza kwamba pompe haivuti maji, inaondoa hewa tu, na ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma maji kupanda mpirani. Na uzito huo una kikomo, hautafika mita tisa hata mashine iwe ya nguvu namna gani. Junior akauliza, polepole kama kawaida yake, kama basi mashine yenyewe ikishushwa kwenye ngazi ya udongo mita nne chini, itavuta mita tano na kusukuma nne zilizobaki. Félicité akasema ndiyo. Ila moshi wa mashine unaua watu ndani ya shimo, basi asiiwashe kamwe chini bila kuutoa moshi kwa bomba, wala mtu asibaki mle. Alimrudishia neno la moshi mara tatu. Junior akarudia kila kitu tangu mwanzo, sawasawa, na salio lake likaisha.

Somo la kikomo cha kuvuta lilikuwa la wiki ya saba. Junior alikuwepo darasani siku ile, kwenye benchi lake, akiwa amekatazwa kufungua mdomo.

Alipiga tena baada ya siku nne kusema maji yametoka. Félicité akamwomba arudi chuoni. Akamwambia majina hayabandikwi tena. Junior akashukuru, akasema ataona. Mwezi wa kumi waliandikisha wanafunzi, na hakuonekana. Mama yake alisema anasalimia, yuko vizuri, huko sasa wanamwita fundi.

Siku ya mwisho ya kuandikisha Félicité aliingia kwa Wilfried bila kubisha hodi. Alimweleza habari za simu ya Junior, akasema anataka nafasi yake isifutwe, aruhusiwe kurudi mwaka wowote atakaotaka, bila kuanza upya. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na hoja nne. Wilfried hakumngoja azitoe. Alichukua daftari la chuo, akatafuta jina, akaandika pembeni kwa mkono wake mwenyewe kwamba nafasi imehifadhiwa, akatia sahihi na muhuri.

"Kama anapiga simu tena," akasema bila kuinua macho, "mumwambie ni mimi niliandika."

Félicité akasema atamwambia. Alitoka nje na hoja zake zote nne, bado zimemjaa kifuani, na hakuwa na mtu wa kumpa. Saa nane alikuwa na darasa. Jocelyne na Bienfait, sasa wa mwaka wa tatu, walikuwa wamesimama mlangoni kwake na kizibo kilichochakaa, kila mmoja akimwambia mwenzake anyamaze kwanza. Akawaambia wanyamaze wote wawili, akapita katikati yao, akaenda kufundisha.